Sura ya Saba: Baada ya Mtihani wa Mwisho

Mwaka wa masomo katika vyuo vikuu vingi vya Uganda huanza mwezi wa Agosti na kumalizika mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, ukiwa umegawanywa katika mihula miwili ya wiki 17 kila mmoja, ambapo wiki 15 ni za mihadhara na mbili za mwisho ni za mitihani. Muda unaobaki kati ya mtihani wa mwisho na kufunguliwa upya kwa chuo ndio unaoitwa likizo ndefu. Katika ratiba za vyuo muda huo huachwa mtupu, isipokuwa kwa wale wanaopangiwa muhula mfupi wa katikati, yaani wiki chache za masomo ya ziada au mafunzo ya vitendo, na kwa sababu ratiba imeachwa tupu, wanaoisoma hudhani kwamba maisha ya mwanafunzi nayo huwa hayana jambo. Sura hii inawahusu vijana ambao kwao dhana hiyo iko mbali sana na ukweli: wale wanaosoma Mbarara huku nyumbani kwao kukiwa Nakivale. Kwa kijana wa aina hiyo, mwisho wa mwaka wa masomo ndio mwanzo wa kazi zote zilizosimama kwa miezi tisa kwa kuwa mtu wa kuzifanya alikuwa darasani, na hoja inayoshikiliwa hapa ni kwamba kazi hizo ni sehemu ya gharama ya shahada yenyewe, ingawa hakuna karo inayozihesabu na ni wafadhili wachache wanaoziona.

Nakivale ni makazi ya wakimbizi yaliyo katika wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, si mbali na mpaka wa Tanzania. Yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati Watutsi walipoanza kuikimbia Rwanda, na kwa hiyo yamo miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Leo wanaishi humo zaidi ya watu laki moja, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, pamoja na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha sokoni, kisimani na katika nyumba za ibada. Makazi hayo, yanayosimamiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu ambayo kila mkazi huiita OPM, yamegawanywa katika kanda tatu za Base Camp, Juru na Rubondo, na hayana uzio. Familia inayopokelewa hupewa kiwanja cha kujenga nyumba, na kwa desturi ya miaka mingi imekuwa ikipewa pia kipande cha ardhi ya kulima, ingawa vipande hivyo vimezidi kuwa vidogo kadiri watu wanavyoongezeka. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na ya kwenda atakako nchini, na ni kwa haki hiyo ya pili kwamba kijana wa Juru au Rubondo anaweza kubeba begi lake na kwenda kupanga chumba mjini bila kuvunja sheria yoyote.

Mji huo ni Mbarara, uliopandishwa hadhi kuwa jiji mwezi Julai 2020, ulio umbali wa takriban kilomita 60 kutoka katikati ya makazi. Mtu akitoka Nakivale hupita kwanza barabara ya vumbi, kisha huikuta lami inayounganisha Mbarara na Kikagati iliyo mpakani, na safari ambayo kwenye ramani ni fupi hula nusu ya siku mvua inapokuwa imenyesha na boda boda zinapokataa vilima. Mbarara kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilichofunguliwa mwaka 1989 na kujijengea jina kwa kuwapeleka wanafunzi wake wa udaktari vijijini wakajifunze palipo na wagonjwa, na kuna pia Chuo Kikuu cha Bishop Stuart, kilichoanzishwa mwaka 2003 na Kanisa Anglikana. Mto Rwizi unaopita katikati ya jiji hilo huteremka kuelekea kwenye mfumo wa maziwa na mabwawa ambao ndani yake limo pia Ziwa Nakivale, kwa hiyo maji ya mjini na ya makazini ni ya bonde moja, hata kama maisha ya pande hizo mbili hayafanani.

Upande mwingine wa jiji, kilomita 12 hivi kwenye barabara kuu iendayo Masaka na Kampala, ipo Biharwe, ambayo baadhi ya wanafunzi huielekea wanapotafuta kodi ya nyumba iliyo nafuu kuliko ya katikati ya mji. Biharwe inajulikana zaidi kwa mnara wa kumbukumbu ya kupatwa kwa jua. Masimulizi ya falme za Nkore na Bunyoro yanaeleza kwamba jeshi la Bunyoro, likiwa njiani kurudi na ng'ombe liliowateka, liliingiwa na hofu jua lilipofunikwa mchana, likakimbia na kuwaacha ng'ombe hao. Wanahistoria waliolinganisha masimulizi hayo na hesabu za wanaastronomia walikubali kwa wingi tarehe ya 17 Aprili 1520, ambayo tangu hapo imetumiwa kama nguzo ya kupangia orodha za wafalme wa eneo la Maziwa Makuu. Kisa hicho kinahusiana na sura hii kwa jambo moja: katika nchi hii muda ulihesabiwa kwa mambo yaliyowapata watu, mashamba na mifugo karne nyingi kabla haujahesabiwa kwa mihula, na hesabu hiyo ya zamani haijafutwa. Mwanafunzi wa Nakivale anaishi katika kalenda mbili kwa wakati mmoja, na uchovu wake mwingi unatokana na kwamba kalenda hizo hazikutengenezwa zijuane.

Kabla ya kueleza yanayomsubiri nyumbani, ni lazima kusema kwa nini mwaka wenyewe humchosha kupita kiasi. Vijana wakimbizi wanaofika elimu ya juu ni wachache mno duniani. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, ambalo Wakongo huliita HCR, liliweka lengo la kuwafikisha asilimia 15 ya vijana hao katika elimu ya juu ifikapo mwaka 2030, na kufikia mwaka 2023 kiwango kilikuwa kimepanda kutoka asilimia 1 ya miaka michache iliyotangulia hadi asilimia 7. Njia mojawapo iliyowafikisha ni ufadhili wa DAFI, mpango ulioanzishwa na serikali ya Ujerumani na shirika hilo mwaka 1992 na kupewa jina la Albert Einstein, mwanafizikia ambaye naye alikuwa mkimbizi. Nafasi za ufadhili wa aina hiyo ni chache na waombaji ni wengi, kwa hiyo anayepata moja anaishi akijua kwamba nyuma yake wapo wenzake walioachwa, na kwamba matokeo mabaya ya muhula mmoja yanaweza kuifungia familia nzima mlango.

Kwa waliosomea Kongo, mzigo mwingine huanza kabla ya siku ya kwanza ya mhadhara. Cheti cha mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ule ambao Wakongo huuita Exetat, lazima kwanza kilinganishwe na vyeti vya Uganda katika Baraza la Mitihani la Uganda, kazi inayohitaji nakala halisi, ada na subira, wakati aliyekimbia vita mara nyingi alitoka na nguo alizovaa tu. Kisha inakuja lugha. Kijana aliyejifunza hesabu, biolojia na uandishi wa insha kwa Kifaransa kwa miaka 12 huketi katika ukumbi ambamo kila kitu, kuanzia maelezo ya mhadhiri hadi swali la mtihani, kiko kwa Kiingereza, na hulazimika kufanya kazi mbili pale mwenzake anapofanya moja: kulielewa somo, na kuielewa lugha inayolibeba. Akianguka katika somo, hulirudia. Wanafunzi wa Uganda huita jambo hilo riteki, na riteki ina ada yake, nafasi yake katika ratiba na aibu yake. Chakula cha miezi hiyo mara nyingi ni kikomando, yaani chapati iliyokatwakatwa na kuchanganywa na maharage, ambacho hushibisha kwa bei ndogo na ambacho wengi hukila mara moja kwa siku wiki za mitihani zinapofika.

Hali inayozaliwa na mambo hayo huitwa msongo, neno linalotumiwa hapa kwa maana ya kitaalamu iliyoanza kujengwa na Hans Selye, tabibu mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi zake kubwa Montreal, Kanada, na ambaye mwaka 1936 alichapisha andiko fupi lililoonyesha kwamba mwili hujibu madhara ya aina nyingi tofauti kwa namna inayofanana. Tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni, yaani kemikali ambazo mwili huzitumia kupeleka amri kutoka kiungo kimoja hadi kingine, moyo huenda mbio, sukari huongezeka katika damu, na kazi zisizo za dharura, kama vile kujenga upya na kujikinga na maradhi, hupunguzwa. Mpango huo unafaa kwa hatari ya saa moja. Unapodumu kwa wiki nyingi, yale yaliyopunguzwa huanza kuonekana kwa kukosekana kwake.

Jaribio moja lililofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 1998 linalieleza jambo hili vizuri kuliko nadharia nyingi. Watafiti, wakiwemo Phillip Marucha na Janice Kiecolt-Glaser, waliwachukua wanafunzi 11 wa udaktari wa meno, wakawatia kila mmoja kidonda kidogo kwenye kaakaa mara mbili: mara ya kwanza wakati wa likizo ya kiangazi, mara ya pili siku tatu kabla ya mtihani mkubwa. Kidonda cha wakati wa mtihani kilichukua siku tatu zaidi kupona kwa wastani, sawa na ongezeko la asilimia 40, na hakuna hata mwanafunzi mmoja ambaye kidonda chake kilipona haraka wakati wa mtihani kama kilivyopona likizoni. Hao walikuwa vijana wenye afya, katika nchi tajiri, wakijibu mtihani kwa lugha ya shule zao. Matokeo yao hayawezi kuhamishiwa kijana wa Nakivale kwa tarakimu, lakini yanatosha kuonyesha kwamba mtihani huingia mwilini, na kwamba mwili haupokei habari za mwisho wa mtihani siku ileile karatasi inapokusanywa.

Usingizi nao una hesabu yake. Mwaka 2003 Hans Van Dongen na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio ambamo watu waliruhusiwa kulala saa sita tu kwa usiku kwa siku 14 mfululizo. Mwisho wa muda huo, umakini wao katika vipimo ulikuwa umeshuka hadi kiwango cha mtu aliyekesha kabisa, na jambo la hatari zaidi ni kwamba wao wenyewe hawakujihisi wamechoka kwa kiasi hicho. Wataalamu huita hali hiyo deni la usingizi, yaani upungufu unaorundikana usiku baada ya usiku. Deni hilo haliishi kwa kulala siku moja hadi saa sita mchana. Linahitaji siku kadhaa za kulala mapema na kuamka kwa mazoea, na hapo ndipo mgongano wa kwanza wa likizo unapotokea, kwa sababu mwanafunzi anayefika Nakivale mwezi wa Juni anafika katika wiki ambazo nyumba yake haina nafasi ya kumlaza.

Kusini-magharibi mwa Uganda kuna misimu miwili ya mvua, mmoja kuanzia Machi hadi Mei na mwingine kuanzia Septemba hadi Novemba au Desemba. Maharage yaliyopandwa Machi hukomaa Juni. Mahindi hufuata Julai. Chuo kinapofungwa, shamba ndio kwanza limeiva. Maharage hung'olewa asubuhi mapema kabla jua halijafanya maganda yapasuke, huanikwa uani, hupigwa kwa fimbo, hupepetwa, huanikwa tena, na kila hatua inahitaji mikono na jicho la kutazama mawingu, mbuzi na watoto. Yakihifadhiwa yakiwa na unyevu, huota ukungu. Yakikaa bila kuangaliwa, hubunguliwa. Tena bei yake huwa chini kabisa katika wiki hizohizo, kwa kuwa kila mtu anauza, na wachuuzi wanaokuja na mizani na magunia wanajua ni nyumba zipi haziwezi kusubiri. Uamuzi wa kuuza sasa au kungoja Septemba ni wa kiuchumi kama uamuzi wowote unaofundishwa katika vitabu vya biashara, na mara nyingi huachwa mpaka mtoto msomi afike, akapige hesabu, akaulize bei kwa simu, akabishane na dalali.

Uzito wa mavuno hayo umeongezeka kwa sababu mgao wa chakula umepungua. Mwezi Aprili 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao wa wakimbizi nchini Uganda kwa asilimia 30, na makato mengine yakafuata. Mwaka 2023 familia ziligawanywa katika makundi matatu kwa kipimo cha uhitaji, na lile lililohesabiwa kuwa linaweza kujitegemea likaondolewa katika orodha. Mwezi Mei 2025, kwa ukosefu wa fedha, watu wapatao milioni moja kote nchini walikatiwa msaada huo. Nyumba iliyokuwa ikila mgao na kuuza maharage sasa inakula maharage. Kwa hiyo mama anapomwamsha kijana wake alfajiri siku ya pili tangu arudi kutoka Mbarara, anafanya hivyo kwa sababu ya gunia, na kijana anapoamka kwa shida, mwili wake unafanya hivyo kwa sababu ya miezi tisa. Wote wawili wana haki, na ugomvi unaozuka kati yao, ambao majirani huupa jina la uvivu wa wasomi, ungepungua sana kama kila upande ungejua hesabu ya mwenzake.

Kwa msichana hesabu hiyo ni kali zaidi. Mvulana aliyerudi kutoka chuo huitwa shambani, lakini jioni akikaa kivulini na rafiki zake hakuna anayeshangaa. Msichana huitwa shambani, kisimani, jikoni na kwa mgonjwa, na madumu ya maji yaliyokuwa yakibebwa na mdogo wake huhamia kwake kana kwamba likizo ni zamu. Wapo wazazi wanaoligawa jambo hili kwa haki, na ni vyema kulisema, lakini desturi inawavuta upande mwingine. Zaidi ya hayo, msichana aliyechelewa kuolewa kwa ajili ya masomo hukutana kila likizo na maswali ya shangazi na ya wazee wa kanisa, na kujibu maswali hayo kwa adabu, mwaka baada ya mwaka, ni kazi ambayo haina jina katika ratiba yoyote.

Ziko kazi nyingine ambazo hazitoi jasho lakini zina tarehe za mwisho. Maisha ya mkimbizi nchini Uganda yanashikiliwa na karatasi: kadi ya familia inayotolewa na OPM, ambayo huonyesha majina ya watu wote wa nyumba moja na ndiyo inayotazamwa mtu anapogawiwa chakula au kuandikishwa shule, na kitambulisho cha mtu mmoja mmoja, ambacho huisha muda na kuhitaji kufanywa upya. Mara kwa mara hufanyika uhakiki, yaani zoezi la kuwaita watu wote waje wapigwe picha na kuchukuliwa alama za vidole ili orodha ilingane na walio hai na walio mahali pao. Uhakiki mkubwa wa nchi nzima ulifanyika mwaka 2018. Asiyetokea anaweza kuonekana katika kompyuta kama mtu aliyehama, na kumrudisha mtu katika orodha ni safari nyingi zaidi kuliko kumwondoa. Mwanafunzi aliyekuwa katika chumba cha mtihani wakati wenzake wakipanga foleni huja kulisawazisha jambo hilo likizoni. Na kwa kuwa yeye ndiye anayesoma Kiingereza vizuri zaidi nyumbani, pengine katika mtaa mzima, husawazisha pia ya wengine: barua ya hospitali ya baba, fomu ya shule ya mdogo wake, ujumbe wa simu ambao jirani ameuhifadhi tangu Februari bila kujua unamwita wapi.

Halafu kuna watu. Katika miezi tisa mtaa hufiwa, huoza, huzaa na kuhama, na desturi za Wakongo, kama za watu wengi wa Afrika Mashariki, haziruhusu mambo hayo yapite kwa sababu mtu alikuwa na mitihani. Aliyekosa kilio, yaani siku za kukaa na wafiwa, anatakiwa kwenda kutoa pole hata kama kaburi limeshaota nyasi. Aliyekosa harusi anatakiwa kwenda kuwaona maarusi. Aliyechangiwa nauli na kwaya au na wazee wa msikiti anatakiwa kuonekana mbele yao na kusema amefika wapi. Mtazamaji wa haraka anaweza kuzihesabu ziara hizo kuwa upotevu wa muda. Lakini kwa familia isiyo na akaunti ya benki wala ukoo wa karibu nchini, watu hao ndio dhamana. Ndio waliomlinda mama alipougua wakati mwanawe yuko Mbarara, na ndio watakaombeba tena mwaka unaofuata.

Miongoni mwa ziara hizo zipo zilizobadilika sana karibuni. Kwa miaka mingi, kijana aliyerudi likizoni alikuta nyumba za baadhi ya rafiki zake zimefungwa, kwa kuwa familia zao zilikuwa zimepelekwa Marekani, Kanada au Australia katika mpango wa kuhamishiwa nchi ya tatu, yaani utaratibu ambao mkimbizi aliyekimbilia nchi moja huchukuliwa na nchi nyingine ili akaishi huko moja kwa moja. Mwezi Januari 2025 Marekani ilisimamisha upokeaji wa wakimbizi, na watu waliokuwa wamekwisha kuhojiwa, kupimwa afya na hata kupewa tarehe za ndege katika nchi nyingi duniani wakabaki walipo. Kumtembelea rafiki wa aina hiyo, ambaye ameuza vitu vyake akingoja safari isiyokuja, huhitaji moyo zaidi kuliko mtihani wowote, na mwanafunzi ambaye njia yake bado iko wazi hujikuta hana neno la kusema linalotosha. Kwenda kukaa naye tu, bila kutoa matumaini ya bandia, ni jambo lenye thamani, na halipaswi kuwekwa chini ya yale yanayoweza kungoja.

Msomaji atakuwa ameona kwamba mambo yaliyotajwa hayawezi kuisha katika wiki kumi. Ndivyo ilivyo. Na hapa saikolojia, yaani elimu ya nafsi na tabia, ina jambo la kusaidia. Mwaka 1927 Bluma Zeigarnik, aliyekuwa akisoma Berlin, alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu hukumbuka zaidi kazi walizokatizwa kuliko walizozimaliza, kana kwamba akili hukataa kuifunga faili iliyo wazi. Majaribio ya baadaye hayakuleta matokeo yaleyale kila mara, kwa hiyo si haki kulichukua jambo hilo kama kanuni isiyopingika. Hata hivyo, mwaka 2011 E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha jambo lililo karibu nalo na lenye manufaa zaidi: watu wenye malengo yasiyotimia walikuwa wakisumbuliwa na mawazo ya malengo hayo walipokuwa wakisoma kitu kingine, lakini walioruhusiwa kwanza kupanga kwa undani watayatimiza lini, wapi na kwa njia gani, usumbufu wao ulitoweka, ingawa malengo yenyewe yalikuwa bado hayajaguswa.

Kwa mwanafunzi wa Nakivale maana yake ni ya vitendo. Kazi iliyopewa siku na mahali huacha kumtafuna usiku, hata kama siku yenyewe ni ya Julai. Iliyoachwa ikielea humla kila siku, hata anapopumzika. Afadhali basi wiki ya kwanza itumike kwa mambo mawili tu, kulala na kupanga, na kupanga huko kufanywe pamoja na mama au mlezi, kwa sababu orodha ya mwanafunzi peke yake husahau paa na orodha ya mama peke yake husahau riteki. Kinachofungwa na mvua, wadudu au tarehe ya ofisi kitangulie: maharage, karatasi, kliniki. Ziara zipangwe kwa njia, za Juru siku moja na za Rubondo siku nyingine, maana nauli ya boda boda ni pesa. Na baadhi ya mambo yaondolewe kabisa, kwa kutamka kwamba mwaka huu hayatafanyika, jambo ambalo wengi huliona gumu kwa kuwa linafanana na kushindwa, wakati kwa kweli humwokoa mtu asishindwe kimyakimya mara kumi.

Hali ni tofauti kwa wale ambao likizo haiwafikishi nyumbani. Wanafunzi wa kozi nyingi hutakiwa kufanya mafunzo ya vitendo katika miezi hiyohiyo ya Juni na Julai, hospitalini, shuleni au katika ofisi za halmashauri, mara nyingi bila posho, na wengine hubaki mjini kwa hiari ili wafanye vibarua vya ujenzi, wauze dukani au wafundishe watoto wa watu, wapate ada ya muhula ujao. Anayebaki katika chumba chake Biharwe hupata utulivu ambao mwenzake aliyeko Rubondo angeutamani, na hupata pia nafasi ya kufua, kurekebisha mlango, kulipa deni la duka, kupika chakula kinachostahili kuitwa chakula. Lakini madeni ya nyumbani hayapungui kwa yeye kutokuwepo. Hulipwa kwa simu, kwa pesa inayotumwa kwa njia ya simu, na kwa sauti ya mama inayosema kila kitu kiko sawa. Vyuo na wafadhili wangeweza kuupunguza ugumu huu kwa hatua ndogo: kuruhusu mafunzo ya vitendo yafanyike ndani ya makazi, ambako vituo vya afya, shule na mashirika vinahitaji mikono, kutangaza tarehe za mitihani mapema ili safari ya foleni ya kitambulisho iweze kupangwa, na kuihesabu likizo katika bajeti ya mwanafunzi badala ya kudhani kwamba mwezi usio na mihadhara hauna gharama.

Mwishoni mwa Julai kazi hubadilika sura. Shamba lililovunwa hutakiwa kufyekwa na kutifuliwa ili mvua za Septemba zilikute tayari, na mwezi wa Agosti chuo hufunguliwa, kwa hiyo anayepanda si yule aliyeandaa. Familia zilizozoea jambo hili hufanya makabidhiano wiki moja kabla ya safari. Mdogo anayefuata huonyeshwa mahali zilipo karatasi, huambiwa ni maharage yapi ya mbegu na ni yapi ya kuuza bei ikipanda, na hupewa namba ya jirani mwenye pikipiki ambaye amekubali kumpeleka mama kliniki; mama naye huambiwa tarehe za mitihani ya Desemba, ili asije akanyamaza na ugonjwa kwa kudhani kila siku ni ya mtihani. Makabidhiano yakifanywa hivyo, wakati mwenye begi bado yupo kujibu maswali, kazi zitakazomngoja Juni ijayo huwa chache.